Hatua Mia Moja Kutoka Mtoni

Alhamisi, mwezi wa Novemba.

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, nzito, na imeikuta nyumba ya kaka Jailosi haina paa.

Mimi ndiye niliyeipima. Naliandika hilo kwanza, kabla sijaanza kujitetea.

Amri ililetwa wiki iliyopita na bwana mmoja kutoka wilayani. Maji ya mto huu yanatumiwa na kijiji kizima, alisema mkutanoni, kwa hiyo hatakiwi mtu kuwa na nyumba, choo wala zizi ndani ya hatua mia moja kutoka ukingoni. Watakaokutwa humo wabomolewe, wapande juu kwenye viwanja vya kijiji cha ujamaa. Mtu mmoja akauliza, hatua za nani? Watu wakacheka. Kamba ya kupimia hatuna. Mwenyekiti akanitazama miguu, akasema, “Karani ndiye atakayepima.”

Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilishuka mtoni peke yangu nikatembea kama ninavyotembea siku zote. Ilikuwa hatua ya mia na sita nilipougusa ukuta wa kaka. Alikuwa salama.

Nilirudi nyumbani nikajikuta sina furaha.

Kaka ndiye aliyenisomesha. Baba alipofariki, Jailosi aliuza kahawa msimu hadi msimu mpaka nikamaliza shule. Sikatai. Lakini hajaniacha nisahau hata siku moja. Harusini, msibani, dukani, hunishika bega akawaambia watu, “Mnamwona huyu? Kalamu yake ni kahawa yangu.” Watu hucheka. Nami hucheka. Nimecheka miaka mingi.

Jumatatu nilishuka na mwenyekiti na mgambo wawili. Nilihesabu kwa sauti. Hadi sitini nilikwenda kawaida. Kisha nikaanza kutanua miguu, kidogo kidogo, ili wanaonifuata wasitambue. Tisini na saba, mkono wangu ukagusa tofali. Mgambo mmoja akachora alama ya chokaa ukutani.

Kaka alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Hakubisha. Alisema tu, “Kama amepima mdogo wangu, basi ni sawa.”

Wangempiga ningeumia kidogo kuliko hivyo. Lakini sikuumia vya kutosha, maana niliandika tisini na saba daftarini, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Leo asubuhi mgambo walikuwa wameshapanda paani wanang'oa misumari ya bati, shemeji Edina aliponiita pembeni. Mke wa kaka si mtu wa maneno mengi. Alinichukua hadi shambani, kati ya mto na nyumba, pale walipolima wakisubiri mvua. Udongo ulikuwa laini, na nyayo zangu za Jumatatu zilikuwa bado zimelala pale, kila moja mahali pake.

“Huku mtoni unatembea kama mtu,” alisema. “Ukifika kwenye migomba unaruka kama chura.”

Akaonyesha paa kwa kidole.

“Shemeji, bati zilizotoka ni nne tu. Sema neno moja, washuke.”

Nilikuwa na muda. Nataka nikumbuke hivyo siku zote, kwamba muda nilikuwa nao. Mwenyekiti alikuwa hatua chache kutoka pale, ametulia, anavuta sigara. Ningesema nimekosea kuhesabu, wangenicheka tu, basi.

Nikamwambia Edina, “Nimeshaandika.”

Akavua kandambili, akaanza kuzifukia nyayo zangu kwa mguu wake, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye migomba hadi ukutani. Nilimuuliza anafanya nini.

“Jailosi asizione,” alisema. “Hana ndugu mwingine.”

Mvua ikaja kabla hajamaliza. Tulibeba mabati, mlango, magodoro, sufuria, tukapanda navyo mlimani hadi kwangu, kwa kuwa mimi ni kapera na nina vyumba viwili. Kaka aliteleza mara mbili chini ya mzigo wa bati akajikata kiganja. Nilimfunga jeraha kwa leso yangu. Majirani walipokuja kutupa pole, aliwaambia, “Kama si huyu mdogo wangu, leo wanangu wangelala nje.” Hakusema neno la kahawa. Mara ya kwanza tangu niajiriwe, hakulisema.

Nilidhani siku atakayonyamaza nitapumua.

Watakaa hapa mpaka wafyatue matofali mengine, na kwa mvua hizi hawafyatui kabla ya kiangazi. Miezi yote hiyo Edina atapika, nami nitakula. Ameshaniambia hivyo jikoni, polepole, bila hasira, huku akichochea moto: “Hutasikia neno kwangu. Lakini kila siku nitakupakulia mimi, na utakula mbele yangu.”

Je, nimwambie kaka? Nikimwambia, nampunguzia nani mzigo, yeye au mimi?

Ugali umeshaiva. Edina ameniita kwa heshima zote, “Karani, karibu chakula.” Kaka, ambaye tangu tukiwa wadogo hunawa wa kwanza, ameshika birika kwa ule mkono mzima. Anasema hapa ni kwangu, hanawi kabla yangu. Amesimama anasubiri niinyooshe mikono.