Walivyowafukuza Sululu

Sur, Oman

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Natumai kifua cha mama kimepoa na nyote huko Wete mko salama. Mimi siumwi wala sina njaa, nina hasira tu.

Tangu shule zifunguliwe nilikuwa nikimwomba ami, ndugu yake baba ninayekaa kwake, anipeleke kwenye ziwa la nje ya mji, yanakomwagwa maji machafu yaliyosafishwa. Mwalimu wetu alisema ndege wanaokimbia baridi hupumzika pale kabla ya kushuka Afrika. Nilitaka kuwaona sululu, wale wenye midomo mirefu iliyopinda wanaokuja matopeni nyuma ya nyumba yetu huko Wete. Nilitaka kuona japo kitu kimoja kinachokwenda nyumbani.

Ijumaa ami akakubali. Basi tulipofika, kwanza mkeka, kahawa, halua, stori za bei za magari. Sululu walikuwa ng'ambo ya pili.

"Ami, niende kwa miguu?" nikanong'ona.

"Kwa miguu, na gari lipo? Watu watatuonaje?"

Mwanawe Majid, ambaye kwa kuwa amepanda kwa gari vilima vya mchanga vya jangwa la Bidiya anadhani dunia nzima ni mchanga, akapunguza upepo wa matairi kama wafanyavyo jangwani. "Yalla, panda, bingwa wa kuku!"

"Majid, pale ni tope. Juu ni chumvi tu imekauka."

"Umeyasoma kitabuni?"

Ami akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. Sikupanda. Majid akaondoka mbio, honi juu, simu nje ya dirisha ili arekodi. Ndege wote wakaruka. Gari likazama mpaka milangoni.

Ungewaona ami na Majid, dada! Dishdasha, zile kanzu zao nyeupe, zimekunjwa magotini, wanachimba kwa sinia la halua. "Ndege wako wana nuksi, wallahi!" Majid akanipigia kelele.

Hakuna aliyenitazama tena, nikazunguka ziwa kwa miguu. Nyuma ya matete walikuwa wamerudi sululu wachache. Nikachutama. Mmoja alichomoa kaa topeni, akamwosha majini, ndipo akammeza. Ana adabu ya mezani kuliko Majid.

Niliporudi, ami aliniuliza, tope hadi ndevuni, "Haya, umeona nini?"

"Hakuna kitu, ami."

Nimekuandikia wewe tu. Nisalimie mama, bibi anayetushonea, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani. Ami naye amesema niwape salamu zake. Nimezifikisha.

Mdogo wako,
Nasra