Nimefanya Usafi Niliolipia

Tone, tone, tone. Mbithe, mfereji wa jikoni uliniamsha kabla hakujapambazuka, na ndio ulioniponza.

Si unajua ile nyumba tuliyokodi Voi kwa wikendi? Pesa ya usafi tulishalipa. Lakini mimi, mtoto wa Mghange, nitaachaje kwa watu pachafu? Nikaosha vyombo, nikapiga deki. Nikafua hata shuka. Shuka za watu, Mbithe.

Asubuhi akaja Kathini, dada wa usafi. Akaangalia kamba ya nguo, akaweka ndoo yake chini. "Dada, umenimalizia kazi. Tajiri akijua, leo silipwi."

Silipwi. Na mimi nilikuwa nangoja shukrani.

Basi tukapatana kwamba kazi yote ameifanya yeye. Nikamwaga hata sukari sakafuni, apate cha kufagia. Mimi, na diploma yangu ya jioni.

Mwenye nyumba, huyo tajiri wake, akaja kuchukua ufunguo. Akazunguka vyumba vyote. "Kathini, leo umeng'arisha kweli."

Kathini akainamisha kichwa. Mimi nikaangalia dari.

Binti yangu Lynn akaweka kikombe cha uji chini, akasema, "Ni mama aliosha nyumba yote."