Madaftari Kumi na Tisa ya Padri Silvano Namkumba

Mwaka umeshatimia, mpendwa wetu Padri Silvano, tangu Jumatano ile ulipotutoka nyumbani Kikwajuni, miwani ikiwa bado usoni.

Ulikuja Unguja kutoka Masasi ukiwa kijana, umetumwa na Kanisa la Kianglikana kuhubiri. Ukaona huwezi kuzungumza na watu usiojua wanasoma nini, basi ukaenda kupiga hodi kwa Maalim Abdulwahid, akufundishe Kiarabu. Akakuuliza, "Unataka kunibatiza?" Ukamjibu, "Nikiweza." Akacheka, akakukaribisha ndani. Mkasoma pamoja kila siku baada ya alasiri, miaka thelathini na minane. Hukumbatiza. Naye hakukusilimisha. "Ukisilimu wewe," akikwambia, "mie n'tabishana na nani?"

Kanisani ulitamka "dhambi" kama msomi wa chuo cha Kurani, hata akina bibi wakanong'ona kwamba Padri wao keshaharibika. Ulicheka kwa mabega, bila sauti, kama kawaida yako. Wagonjwa wa mtaa mzima uliwatembelea, wa kanisani na wa msikitini, mfukoni una ndimu zao.

Kazi yako kubwa ilikuwa kamusi ya maneno ya Kiarabu namna watu wa Unguja wanavyoyasema, sokoni, harusini, hata kwa kadhi. Madaftari kumi na tisa, yote kwa mkono wako.

Hapa tutasema, maana wewe ungenyamaza. Tukiwa bado Masasi tulikokupeleka kukuzika, walikuja watu wa ofisi ya dayosisi kusafisha chumba chako. Vitabu vya Kiingereza walivifunga vizuri kwenye maboksi. Madaftari yako wakayatupa jaani. Tulipouliza, mmoja akajibu, "Si Kiarabu yale? Tukaona si mambo yetu." Umewatumikia umri mzima, na kazi yako si mambo yao.

Aliyeyaokoa ni jirani yako, Bi Mwanakheir. Kwake yeye karatasi yenye herufi za Kiarabu haiachwi ikakanyagwa, huenda ina jina la Mungu. Akainama na magoti yake yale mabovu, akaokota moja moja, akayapangusa, akayaweka juu ya kabati mpaka apatikane wa kuyazika kwa heshima. "Sikujua ya Baba Padri," alitwambia. "Nilijua tu pale si pahala pake."

Aliokota kumi na manane. La kumi na tisa halijaonekana mpaka leo. Tumeiandikia ofisi barua tatu. Hakuna hata aliyesema amezipata.

Maalim Abdulwahid sasa macho yamefifia. Lile lililopotea analirudia kwa kichwa. Yeye hutamka, binti yako Perpetua huandika. Kila neno mlilobishania, anataja hoja yake, kisha yako. Juzi Perpetua akamwuliza, "Maalim, mbona kila pahala Baba ndiye kashinda?"

Akamjibu, "We andika, mwanangu. Alipokuwa hai sikumpa hata moja."

Wanaokulilia ni mkeo Agneta, wanao Perpetua na Gervas, mdogo wako Damas, wajukuu zako wote, pamoja na Maalim Abdulwahid na Bi Mwanakheir, ambao nao ni ndugu.

Hutoki mioyoni mwetu, Padri. Na barua ya nne tunaiandika.