Benchi Lililokataliwa Kinole

Jumanne, Kinole

Benchi nililochora kwa mkono wangu limekataliwa, nami nacheka peke yangu kama mwehu.

Nilikuwa na hofu na mkutano wa leo. Nilidhani wanakijiji watakikataa kibanda cha kupumzikia kwenye njia ya msituni. Kumbe kibanda wanakitaka sana. Tatizo lao benchi.

Bibi Mwanaidi, anayepeleka ndizi sokoni Mkuyuni, alisimama. "Bwana Misitu, nikikaa hapo tenga nitalitua chini. Nani atanitwika tena?"

Nilikasirika kidogo, nakiri. Nikamwambia mtu hujitwika mwenyewe.

"Haya, mwanangu, jitwike tuone."

Nikajaribu mbele ya kijiji kizima, kwa tenga la ndizi alilokuja nalo. Ndizi zote zikanimwagikia. Mwenyekiti alicheka mpaka machozi, na mimi nikashindwa kujizuia.

Basi tumefuta benchi, tukachora chanja ya miti, mtu atue mzigo na kuuchukua tena bila kuinama. Kimo chake? Bega la Bibi Mwanaidi. Ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti. Wakubwa wa mjini wakiuliza ni futi ngapi, waje wampime. Ila wajiandae, atawatwika tenga.