Kiraka Kwenye Picha ya Nne

Jumamosi, 4 Machi

Kimekwisha! Kitambaa cha meza, miezi minane, maua arobaini na mawili, na la mwisho nimelifunga leo asubuhi kabla chai haijapoa. Nimeruka. Mtu mzima, na mwili wangu huu, nimeruka hapo jikoni mpaka vikombe vikagongana kabatini. Mke wangu akauliza kama nimeng'atwa na kitu.

Sasa picha. Kule kwenye jukwaa la wafumaji mtandaoni najulikana kama Bibi Uzi. Wananiamkia shikamoo, nami naitikia marahaba — nifanyeje? Karakana nzima inaniita Chuma. Siku wakijua kwamba Chuma, anayechomelea mageti mchana kutwa, akirudi nyumbani anafuma maua, nimekwisha. Mwenzetu tunayemwita Redio peke yake anatosha. Yule jamaa hana breki mdomoni. Ukipiga chafya saa mbili, saa tatu mtaa mzima unakupa pole.

Kwa hiyo nina sheria zangu. Sura haitokei. Mikono haitokei, imejaa makovu ya cheche. Ile sehemu ya simu inayoandika picha imepigwa wapi nimeizima. Mke wangu ndiye alinionyesha. Dirisha hapana, ukuta hapana, watoto ndiyo kabisa. Natandika aproni yangu ya kazini, ngozi nyeusi tupu, naweka kazi juu yake, napiga. Ngozi haisemi.

Mke wangu kasema nimeficha kila kitu isipokuwa majivuno. Mwache aseme.

Jumapili, 5 Machi

Nimepandisha picha tano. Jamani, sifa! Watu mia na kumi kabla ya chakula cha mchana. Na Shangazi Pindo — rafiki yangu mkubwa kule, miaka mitatu tunaandikiana, ndiye aliyenifundisha kufunga pindo lisijikunje — kaandika: "Bibi, leo umetuua." Nimesoma mara nane.

Mara tisa.

Jumatatu, 6 Machi

Kazini. Redio kaongea kuanzia geti la kwanza mpaka la mwisho. Mpira, presha ya mama mkwe wake, paka wa jirani aliyezaa kwenye kabati. Mimi kimya nyuma ya ngao ya uso, natabasamu peke yangu. Raha tupu!

Jumanne, 7 Machi

Balaa! Ujumbe wa faragha kutoka kwa Shangazi Pindo. Eti niondoe picha ya nne sasa hivi, maswali baadaye. Kona ya chini aproni imejikunja na kiraka kinaonekana. Wengine hawatajua ni nini, ila yeye anakijua, kwa sababu amekishona mwenyewe — uzi wa kijani, mishono miwili miwili. Akamalizia kwamba hatasema kwa mtu.

Nimeifuta. Ujinga wangu! Nimeficha mpaka kivuli changu, halafu nimepiga picha juu ya aproni.

Halafu nikakaa nikafikiri. Kile kiraka kiliwekwa mwaka jana. Aproni zetu zikitoboka, Redio huzichukua Ijumaa, anazirudisha Jumatatu: "Mke wangu kashona." Kwa hiyo Shangazi Pindo ni mke wa Redio! Na mke akijua, mume kajua. Na Redio akijua, mpaka mabati ya paa yatajua.

Nimemsimulia mke wangu. Kacheka mpaka kashika ukuta. Baadaye kidogo akanionea huruma, akasema pengine yule mama anajua kunyamaza, maana nyumba ile lazima awepo mmoja.

Jumatano, 8 Machi

Redio hajasema kitu. Yaani, kaongea kutwa — ila hilo hapana. Mara mbili nimemfumania ananitazama. Nikimtazama, anageukia rangi yake.

Alhamisi, 9 Machi

Naandika saa ya chai, nimekalia kreti. Wenzangu wanadhani naandika vipimo vya mageti. Wacha wadhani.

Mke wa Redio alikuja kumletea simu aliyoisahau nyumbani. Nikamkimbilia pale mlangoni, nikamnong'oneza: asante kwa kiraka, shemeji, na asante zaidi kwa ule ujumbe. Akanitumbulia macho. Ujumbe gani? Kiraka gani? Kisha akaangua kicheko, na sauti yake siyo ndogo. "Shemeji, mimi hata kifungo sijui! Huyo ndiye fundi. Ananishonea mpaka blauzi!"

Karakana nzima ikageuka. Redio alikuwa anapaka geti rangi. Brashi ikasimama hewani.

Redio! Shangazi Pindo ni Redio! Mwanamume yule, na mdomo ule! Miaka mitatu namweleza mambo ya kufuma, ananiita bibi, kumbe tumesimama hatua sita mbali tunachomelea madirisha. Na kiraka changu anakijua, kwa hiyo tangu Jumanne anajua ni mimi. Siku tatu amebeba habari ya mwaka, na hajaitoa hata kwa paka wa jirani! Nilitaka kumkumbatia hapo hapo na mavumbi yake.

Ijumaa, 10 Machi

Saa ya chai tena. Kitambaa kiko kwenye mfuko wangu, nimekileta nimwonyeshe Redio jioni tukiwa wawili. Nimeamka na furaha kama mtoto anayesubiri safari.

Lakini asubuhi nzima wenzetu wamemshika kwa utani. Fundi Cherehani, wanamwita. Mmoja kamfungia utepe mwekundu kwenye ngao yake. Mwingine kamletea soksi iliyotoboka, kwenye sahani. Redio kajaribu kucheka nao, halafu kaacha.

Alihitaji sentensi moja tu. "Mbona Chuma anafuma maua?" Kicheko chote kingehamia kwangu, yeye akapumzika. Niliona inamjia mdomoni. Aliniangalia, akatazama chini, akanywa chai yake. Redio, kimya! Sijawahi kusikia karakana hii bila sauti yake, na sikuipenda kabisa. Nimeona aibu, nimempenda yule jamaa, vyote kwa pamoja.

Mikono hii nimeificha miaka mitatu. Na sikosei kuificha — kule watu ni wengi na wengine siwajui. Lakini hawa nawajua mpaka vikohozi vyao. Hakuna atakayeniumbua hapa. Huyu mmoja amehakikisha. Nikionekana, nitakuwa nimetaka mwenyewe.

Nimekitoa kwenye mfuko. Kiko mapajani, maua yote arobaini na mawili. Bado hawajaona.

Msimamizi anasimama juu ya benchi, anajifanya mwalimu. Anauliza nani mwingine humu ndani ni fundi cherehani, anyooshe mkono. Wanacheka mpaka chai inamwagika. Redio hacheki. Mkono wangu wa kulia una penseli.

Wa kushoto uko juu. Kicheko kimekatika. Redio ameweka kikombe chini, anafungua mdomo—