Unga wa Paskalina Unaowaka

Jumatatu, 9 Juni
Nimekamua, nimekata majani ya ng'ombe, nimepika. Baridi ya hapa Tlawi inauma. Paskalina wangu anapumzika nyumbani kidogo, anatoka chuo kikuu Dodoma kwenda kwenye maabara Arusha. Amebeba kichupa cha unga wa manjano. Kautengeneza mwenyewe, mwaka mzima kauhangaikia. Ukipimwa ukafaa, anahitimu. Ukiumulika na ile tochi ya kukagua noti bandia, unawaka kijani! Kanieleza: chembe yake ndogo kabisa ina matawi kama mti. Tawi linazaa mawili, hayo yanazaa mengine. Katikati ndipo moyo unaowaka. Matawi yanazuia mioyo isibanane, maana ikibanana inazimana. Kama maboma yetu, kila moja na kilima chake. Nimeelewa yote. Akili kaitoa kwangu, siyo kwa ukoo wa baba yake.

Jumatano, 11 Juni
Jumuiya wamesali kwangu. Rozari ilipoisha nikafunga madirisha, nikawamulikia ule unga. Paskalina alikuwa kisimani, angenikataza. Vigelegele! Isipokuwa wifi yangu Yosefina, dada wa mume wangu. Sura kama maziwa yaliyochacha.
"Moto usio na joto ni wa wachawi, wifi."
"Na simu yako je? Mbona unalala nayo?"
Wakacheka. Yeye hakucheka. Simpendi. Sijawahi kumpenda.

Ijumaa, 13 Juni
Ng'ombe wa Yosefina ametupa mimba. Ng'ombe huyo anakaa kwetu kidesturi: tunamtunza, maziwa tunakunywa sisi, ndama ni wake. Yosefina kaja kumswaga, anapiga kelele njia nzima eti kichupa kimeua ndama. Hata kwake ng'ombe huyo aliwahi kutupa. Hilo halisemi. Mnafiki. Mume wangu anataka kichupa kitupwe mtoni. Nimemwambia atangulie yeye.

Jumapili, 15 Juni
Kanisani hakuna aliyekaa benchi letu. Watoto hawatuamkii. Mama Tumaini, niliyemhudumia uzazi wake wote, kahamisha ndoo yake niliposogea kisimani. Keshokutwa kikao cha wazee. Wanataka kichupa kizikwe mpakani mwa kijiji. Tukikataa tunatengwa mpaka mvua zijazo: hakuna kuomba moto, hakuna kuchota maji pamoja, ng'ombe wetu wasichungwe pamoja na wa kwao. Paskalina amelia. "Mama, wape tu. Nitaanza upya." Aanze upya kwa ajili ya Yosefina? Nina hasira mpaka meno yanauma.

Jumanne, 17 Juni
Alfajiri nimempandisha Paskalina basi la Arusha, kichupa nimekiviringisha kwenye khanga yangu nzuri. Kikaoni nikasimama. "Shikamooni wazee, kichupa kimeondoka na mwenyewe." Makelele. Yosefina kapiga makofi kama yuko harusini. Tumetengwa. Nimetoka kichwa juu. Mume wangu akanifuata nyuma.

Jumamosi, 21 Juni
Ng'ombe wamekula nyuma ya nyumba, peke yao. Mchana ujumbe wa Paskalina umeingia. Unga umepimwa. Unawaka kuliko walivyotegemea, mwalimu wake kampa mkono. Nikatoka mbio mpaka njiani, simu mkononi. Wamepita wanawake watatu, wanatazama chini. Habari ya kuringia hii, na wa kumringia hayupo. Nikarudi. Mume wangu alikuwa jikoni. Nikamsomea. Kavuta kigoda karibu: "Hebu nisomee tena. Taratibu."
Nimemsomea.