Picha za Mwanzo za Mikono ya Dada

Jumatatu, 3 Machi
Dada amelalamika tena. Asubuhi vidole havikunjiki. Saluni kitana kinamponyoka akisuka. Eksirei safi. Damu safi. Nimemwambia mbele ya mama kwamba ugonjwa usioonekana popote jina lake ni uvivu. Mama akaguna. Dada akacheka: "Haya, msomi. Kasuke wewe, mimi nibaki na vitabu." Nilimjibu kwa hoja. Hakuna aliyesikiliza.

Jumatano, 5 Machi
Mama Magoti — ndivyo tumwitavyo daktari wa viungo — amemleta dada kitengoni kwetu, ninapopiga picha hospitalini. Eksirei, asema, huonyesha mfupa ukishaliwa. Dawa yetu ya mionzi hukusanyika palipo na uvimbe mapema, mfupa ungali mzima. Kana kwamba sijui! Nikambishia koridoni: kamera ni ya wagonjwa wa kweli. Akasema, piga kwanza, ubishi baadaye.

Ijumaa, 7 Machi
Nilimdunga dada mimi mwenyewe. Kanuni ni hii: picha za mwanzo papo hapo, dawa ikiwa bado imo katika damu; za mifupa, saa kadhaa baadaye. Za mwanzo sikuzipiga. Foleni ndefu — ndio udhuru wangu. Nilikwisha kumhukumu, basi. Za mifupa zikatoa mwanga hafifu, si hivi si vile. Jioni nikatangaza mezani: hakuna kitu! Mama akamgeukia dada: umesikia, kesho kazini. Dada alikuwa akifungua chupa ya maji kwa meno.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Magoti kauliza picha za mwanzo ziko wapi. Nikaanza habari za foleni. Akanikatiza katikati ya hoja — mimi! Kisha: "Kijana, uvimbe ungeonekana hapo. Hizi hazikani wala hazikiri. Adungwe upya. Sababu utamweleza wewe, si mimi." Kama ni baridi yabisi, kila siku bila dawa ni viungo kuliwa. Na dada yuko kazini, kwa neno langu. Uso sina pa kuuweka.

Alhamisi, 13 Machi
Dada kafika mapema. Nilikusudia kumweleza kabla ya sindano. Nikamdunga kwanza. Mwoga!

Safari hii kamera ilikuwa juu ya mikono yake tangu mwanzo. Vifundo vyote viwili vya mikono vinawaka. Viungo vya vidole — kimoja baada ya kingine, kama taa za barabarani. Hakuna cha kubishia. Mama Magoti ameangalia, akaenda kuandika dawa. Hakunisuta. Heri angenisuta.

Sijamwambia dada kwamba safari ile za mwanzo sikuzipiga. Yupo benchi la nje, akingoja picha za mifupa. Namsikia akimwambia mama mmoja: "Huyo wa ndani mdogo wangu. Kanirudisha mwenyewe, hataki kazi ya kulipua." Wanacheka.

Nimeshika kitasa.

"Msomi! Hebu toka uwasalimie watu!"